Maisha ya Paul Ehrlich na Somo la Kupima

Mwalimu wa shule ya msingi hana budi, mapema au baadaye, kufundisha somo la chanjo. Ataandika ubaoni majina ya maradhi ambayo bibi zetu waliyaogopa: dondakoo, kifaduro, pepopunda, surua. Ataeleza kwamba mwili ukishatambulishwa ugonjwa hujitengenezea askari wa kupambana nao. Aghalabu hapo ndipo mtoto mmoja huinua mkono na kutaka kujua askari hao wanamtambuaje adui wao, na kwa nini askari wa surua hawamzuii adui wa pepopunda. Swali hilo si la kitoto. Wataalamu wakubwa walilihangaikia kwa miaka mingi, na mwalimu asiyejiandaa huweza kulizima kwa kumwambia mtoto aketi.

Katika makala haya tutaeleza maisha ya mtu aliyelishika swali hilo asiliache mpaka kufa kwake, Dakta Paul Ehrlich wa Ujerumani. Askari tuliowataja huitwa kingamwili. Siku hizi maabara za utafiti huagiza kingamwili maalumu kama vile mtu anavyomwagiza seremala kabati la kukaa katika pembe fulani ya nyumba yake. Mwenye kuagiza hupaswa kuuliza mambo mawili: kingamwili hii inashika kitu kipi hasa, na nguvu yake ni kiasi gani? Aliyewazoeza wanasayansi kuuliza mambo hayo mawili kwa pamoja ni Ehrlich. Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyewafundisha wenzake kupima, yeye mwenyewe shuleni alipimwa kwa kipimo kisichomfaa.

Utoto na masomo yake

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia, lililokuwa wakati ule chini ya ufalme wa Prussia. Leo mji huo umo nchini Poland na huitwa Strzelin. Wazazi wake, Ismar na Rosa, walikuwa Wayahudi. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni pamoja na kiwanda kidogo cha kutengeneza pombe kali. Mtoto alipofikia umri wa miaka kumi hivi alipelekwa kusoma katika mji mkubwa wa Breslau.

Katika Kilatini na hesabu hakuwa na shida. Jambo lililomshinda lilikuwa kuandika insha katika lugha yake mwenyewe ya Kijerumani. Husimuliwa kwamba katika mtihani wa mwisho watahiniwa walitakiwa kuandika insha juu ya maisha kuwa ndoto. Wenzake walijaza karatasi kwa maneno ya fahari. Ehrlich aliandika kwamba uhai ni kazi ya kikemia ya mwili kutumia hewa ya oksijeni, na kwamba ndoto ni mng'ao wa ubongo unaotokana na kazi hiyo hiyo. Watahini hawakupendezwa hata kidogo, na nusura afeli.

Chuo kikuu nako alihamahama: Breslau, Strasbourg, Freiburg, kisha Leipzig. Badala ya kukariri yaliyopangwa kwa ajili ya mitihani ya udaktari, alikuwa akishinda mezani akitia rangi vipande vyembamba vya nyama na kuvitazama kwa hadubini. Katika chuo cha Strasbourg meza yake ilijaa madoa ya kila rangi. Profesa Waldeyer aliona madoa hayo, akaona pia kwamba kijana alikuwa akitafuta jambo, basi hakumkataza. Kadhalika binamu yake, Karl Weigert, aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo, alimwonyesha namna ya kutumia rangi. Yasemekana kwamba hata Robert Koch, alipotembelea maabara ya Breslau, alionyeshwa kijana huyo na kuambiwa kuwa ni hodari sana wa kutia rangi lakini mitihani hataishinda kamwe. Mwaka 1878 Ehrlich alipata shahada yake ya udaktari mjini Leipzig, na tasnifu yake ilihusu rangi zile zile.

Rangi na hadubini

Rangi alizotumia zilikuwa bidhaa mpya za viwandani, zilizotengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe ili kutilia nguo. Wengi walifurahi kwamba rangi huonyesha vizuri vitu vilivyokuwa havionekani. Ehrlich hakutosheka na furaha hiyo. Alitaka kujua sababu ya rangi moja kushika sehemu fulani ya seli na kuiacha sehemu ya jirani. Akakata shauri kwamba hapana budi kuna kitu katika sehemu ile kinacholingana na rangi ile peke yake. Fikira hiyo ilimwongoza maisha yake yote.

Kwa njia ya rangi aliweza kutenganisha aina mbalimbali za seli nyeupe za damu, kazi ambayo hospitali zetu hunufaika nayo mpaka leo. Tarehe 24 Machi 1882 alikuwapo mjini Berlin wakati Koch alipotangaza kwamba amemgundua kijidudu cha kifua kikuu. Muda mfupi baadaye Ehrlich alipata njia bora zaidi ya kukitia rangi kijidudu hicho. Mwaka 1888 alipima makohozi yake mwenyewe na kukiona humo. Alikwenda Misri na mkewe, Hedwig, kutafuta hali ya hewa kavu, na mwaka 1889 akarejea Ujerumani akiwa amepata nafuu. Hakuwa na kazi ya kuajiriwa. Akafungua maabara yake ndogo mjini Berlin, na mwaka 1891 Koch akamwita katika taasisi yake mpya.

Panya na mbegu za mbarika

Hapa tunafikia jaribio ambalo kila mwalimu anaweza kulieleza darasani bila chombo chochote. Mbegu za mbarika zina sumu kali iitwayo risini. Mbegu zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watu huzitunga kama shanga, zina sumu nyingine iitwayo abrini. Sumu hizi mbili zafanana sana katika kudhuru.

Ehrlich aliwapa panya risini kidogo mno, kiasi kisichoweza kuwaua, akaiongeza siku hata siku. Baada ya majuma kadhaa panya wale walistahimili kiasi ambacho kingewaua mara nyingi panya wengine. Kisha akawapa abrini. Wakafa kama panya asiyepata kinga yoyote. Akafanya vivyo hivyo kwa kuanzia na abrini, na matokeo yakawa kinyume chake: abrini haikuwadhuru, risini ikawaua.

Jambo hili lilikuwa na maana kubwa. Kinga haikuwa ukakamavu wa mwili kwa jumla, kama watu walivyodhani. Mwili ulikuwa umetengeneza kitu kinacholingana na sumu moja tu, na sumu iliyo jirani yake kabisa kilikuwa hakiitambui. Aidha, kwa kuwa aliongeza sumu kwa vipimo, aliweza kusema kinga imeongezeka mara ngapi, badala ya kusema tu kwamba ipo.

Seramu ya dondakoo

Wakati huo dondakoo ilikuwa ikiwaua watoto wengi wa Ulaya kwa kuwaziba koo. Mwezi Desemba 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walitangaza kwamba seramu ya mnyama aliyezoezwa sumu, yaani majimaji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, huweza kumkinga mnyama mwingine. Ilionekana kwamba dawa imepatikana. Lakini seramu ya Behring ilikuwa dhaifu, na tena haikuwa sawasawa. Daktari alimdunga mtoto mmoja akapona. Kesho yake alimdunga mwingine kwa seramu ya chupa nyingine, na mtoto akafa. Hapakuwa na njia ya kujua kama ni ugonjwa uliozidi nguvu au ni dawa iliyopungua.

Ehrlich aliletwa kusaidia. Kwa ujuzi alioupata kwa panya wake alionyesha namna ya kuwazoeza wanyama wakubwa, kama vile mbuzi na farasi, kwa kuwaongezea sumu hatua kwa hatua mpaka damu yao ipate nguvu ya kutosha. Mwaka 1894 kiwanda cha Hoechst kilianza kuuza seramu hiyo. Ehrlich alikubali kuiacha sehemu yake ya faida akitumaini kuwa Behring angemsaidia kupata taasisi ya utafiti. Matumaini hayo yalivunjika, na urafiki wa watu hao wawili ukapoa. Behring alitajirika na mwaka 1901 akapata Tuzo ya Nobel ya kwanza ya Tiba. Ehrlich alibaki na kazi ya kupima.

Kipimo kisichobadilika

Mwaka 1896 serikali ilimpa uongozi wa taasisi ndogo ya kuchunguza na kupima seramu huko Steglitz, karibu na Berlin. Majengo yalikuwa duni, lakini yeye hakujali. Alisema kwamba maji ya bomba, moto wa gesi na karatasi za kukaushia wino vyamtosha, hata akiwa ndani ya banda.

Tatizo lililomkabili ni hili. Ili kupima nguvu ya seramu, wenzake waliichanganya na kiasi fulani cha sumu, kisha wakamdunga simbilisi, kile kijinyama kisicho na mkia kinachofugwa majumbani. Kama simbilisi akiishi, seramu ina nguvu. Lakini Ehrlich aligundua kwamba sumu iliyowekwa chupani hubadilika kadiri siku zinavyopita. Uwezo wake wa kuua hupungua, ilhali uwezo wake wa kushikana na seramu hubaki. Basi aliyepima seramu kwa sumu alikuwa kama mtu apimaye nguo kwa utepe wa mpira: leo dhiraa ni ndefu, kesho ni fupi, naye haoni tofauti.

Ehrlich akageuza mambo. Aliichukua seramu moja nzuri, akaikausha kabisa, akaiweka katika vichupa visivyo na hewa, gizani na penye baridi. Hiyo haikubadilika. Akaiita kipimo sanifu, na kila sumu mpya ikapimwa kwa hiyo kwanza, kisha sumu hiyo ikatumiwa kupimia seramu za viwandani. Kizio kimoja cha seramu kilikuwa kiasi cha kuzuia dozi 100 za sumu, na kila dozi ilikuwa kiasi cha kumwua simbilisi mwenye uzito wa gramu 250 kwa muda wa siku nne. Alichapisha maelezo yake mwaka 1897. Tangu hapo daktari aliweza kusoma juu ya chupa na kujua anachompa mtoto.

Picha zake

Katika maandishi hayo ya 1897 Ehrlich alieleza pia nadharia yake. Alisema kwamba juu ya seli mna vipokezi vyenye maumbo mbalimbali. Sumu ikiingia mwilini hushikana na kipokezi kinacholingana nayo, mithili ya ufunguo na kufuli, mfano ambao mkemia Emil Fischer alikuwa ameutoa mwaka 1894. Seli iliyozibwa kipokezi hutengeneza vingine vingi kuliko inavyohitaji, na vile vya ziada huachiwa katika damu. Hivyo ndivyo kingamwili.

Ehrlich alikuwa hawezi kueleza jambo bila kulichora. Alichora karatasini, mezani, juu ya mikono ya shati lake, na hata sakafuni kwa chaki. Mwaka 1900 alialikwa London kuhutubia Chama cha Kifalme cha Sayansi, naye akaenda na picha za seli zenye vipokezi vya kila umbo. Wako waliomcheka na kusema kwamba anachora vitu ambavyo hakuna aliyepata kuviona. Walakini picha zile zilimfanya kila mtu aelewe hoja, na aliyeielewa aliweza kuijaribu na kuipinga. Kwa kweli baadhi ya fikira zake zilipingwa na zikashindwa. Yeye alidhani kwamba seli moja hubeba vipokezi vya kila namna. Leo twajua kwamba kila seli ya kinga hutengeneza kingamwili ya aina moja tu. Lakini kosa lililochorwa waziwazi ni rahisi kusahihishwa kuliko ukweli uliofunikwa kwa maneno.

Miaka yake ya mwisho

Mwaka 1899 taasisi yake ilihamishiwa Frankfurt, na mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Metchnikoff. Wakati huo alikuwa amekwisha geukia kutafuta dawa za kikemia zinazoshika kijidudu na kumwacha mgonjwa salama. Alianza na vijidudu vya aina ya vile vinavyoleta malale. Mwaka 1909 msaidizi wake kutoka Japani, Sahachiro Hata, alionyesha kwamba dawa iliyokuwa namba 606 katika orodha yao yaweza kuponya kaswende. Mwaka 1910 ilianza kuuzwa kwa jina la Salvarsan.

Ehrlich alifariki tarehe 20 Agosti 1915 mjini Bad Homburg. Katika utawala wa Hitler jina lake liliondolewa katika barabara ya Frankfurt iliyoitwa kwa heshima yake, kwa sababu tu alikuwa Myahudi, na mjane wake alilazimika kuihama nchi. Baada ya vita jina likarudishwa. Taasisi iliyozaliwa Steglitz ipo mpaka leo mjini Langen, karibu na Frankfurt. Nayo, kwa jina la Paul Ehrlich, huzikagua chanjo na dawa za kingamwili.

Kuagiza kingamwili baada ya Ehrlich

Seramu ya farasi ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi, na farasi akifa, seramu yake nayo imekwisha. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi mjini Cambridge, walipata njia ya kuondoa shida hiyo. Walichukua seli kutoka katika wengu la panya aliyepewa kinga, kila moja ikitengeneza kingamwili ya aina yake. Wakaziunganisha na seli za saratani, ambazo huzaana bila kikomo. Seli iliyozaliwa kwa muungano huo ilirithi pande zote mbili: iliishi, na ilitengeneza kingamwili ya aina moja. Uzao wa seli moja kama hiyo hutoa kingamwili za ukoo mmoja, zinazoitwa monokloni. Mwaka 1984 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Siku hizi mtafiti asiyepata kingamwili anayoitaka huweza kuagiza itengenezwe. Kwa njia ya panya kazi huchukua miezi kadhaa. Hupeleka protini au kipande chake, panya hudungwa, seli huunganishwa, kisha mamia ya seli hupimwa moja moja mpaka ipatikane inayofaa. Hiyo huzalishwa, na akiba yake huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi kali.

Hata hivyo, fundi hawezi kumfaa mteja asiyejua anachotaka. Protini ikiwa hai imekunjamana, ikichemshwa hukunjuka. Kingamwili iliyochaguliwa kwa protini iliyokunjamana huenda isiitambue kabisa iliyokunjuka. Kwa hiyo mwenye kuagiza hana budi kueleza tangu mwanzo kazi itakuwa ipi, na kudai kingamwili ijaribiwe katika kazi hiyo hiyo. Tena hana budi kuijaribu kwa kitu ambacho hakika hakina protini ile, maana kingamwili inayoshika kila kitu haimwambii lolote. Watafiti walioruka hatua hii wamepoteza miaka wakieleza mambo yasiyokuwapo. Hayo ni yale yale ya panya wa risini waliopewa abrini: hujui kitu kinashika nini mpaka umekipa jirani yake.

Yanayomhusu mwalimu

Ndugu mwalimu, maisha haya yanafaa kufundishwa katika darasa la sita au la saba. Kata kadibodi katika maumbo yanayoingiana, matatu ya sumu na matatu ya kingamwili, uwape watoto watafute jozi. Wape utepe wa mpira na rula ya mti wapime dawati lile lile mara tano, kisha uwaulize ni kipi kati ya hivyo wangekikabidhi kwa daktari. Waonye, kwa mkazo, wasitafune mbegu za mbarika wala zile nyekundu za shanga.

Lakini somo kubwa ni letu sisi. Insha ya Ehrlich ilipimwa kwa fahari ya maneno, na kwa kipimo hicho alionekana hafai. Watahini hawakuwa waovu. Walikuwa na kipimo kimoja, wakakitumia kwa kila kitu. Kilichomwokoa kijana ni watu wawili watatu waliotazama meza yenye madoa wakaona kazi badala ya uchafu. Unapotoa jaribio juma hili, jiulize kwanza linapima nini hasa, na kama ulilipanga kwa kazi hiyo. Kisha, kabla ya kumwandikia mtoto kwamba hawezi, mpe kitu kingine cha kufanya kwa mikono yake, ukakae karibu uone.